Namna Nilivyojifunza Kutelezesha Klarineti

Enzi zetu, sisi tuliokulia Shituru, kambi ya wafanyakazi kule Likasi, saa ya mkononi ilikuwa ya wakubwa. Sisi wengine tuliishi kwa king'ora cha kiwanda. Kikilia asubuhi, tata, yaani baba, anatoka na baiskeli. Kikilia tena mchana, mama anageuza bukari, ugali wetu. Siku ya posho hatukuambiwa na mtu, tuliijua kwa pua: unga mpya, mafuta ya mawese, na samaki wa chumvi ambaye harufu yake ilifika nyumbani kabla ya mwenye kumbeba. Wewe uliyekula posho ile pamoja nami, najua unatabasamu sasa hivi. Watoto wa leo ukiwaambia harufu ya samaki ilikuwa furaha, wanakuangalia kama unaumwa.

Tuliruka kamba mpaka vumbi jekundu lipande magotini. Tulikunywa munkoyo, togwa yetu, kwa kikombe kimoja, watoto sita, na hakuna aliyeuliza nani anakohoa. Majina yao ninayo yote, ukitaka nitayataja hata kwa mpangilio wa nyumba, toka kwa kina Mujinga mpaka kwa kina Banza waliokuwa na mlango wa kijani. Shule ndiyo haikunishika. Nilifika darasa la sita, na la sita lenyewe nililiingia mara mbili, kama mtu aliyesahau kitu ndani. Masela, watawa wa kike waliotufundisha, walisema nina kichwa kizuri, ila hakina mlango.

Jina langu la ubatizo ni Rozali. Mwaka ule majina ya kizungu yalipokatazwa, nililala Rozali nikaamka Kabedi. Mama aliendelea kuniita Rozali akiwa na hasira, lakini kwanza alifunga dirisha.

Tata yangu, Ilunga, alikuwa mpakaji grisi kiwandani. Kazi yake tangu asubuhi mpaka jioni ilikuwa kuzunguka na kopo na kupaka grisi mahali chuma kinapogusa chuma. Watu wa kambi walimwita Tata Grisi, naye hakukasirika, maana alikuwa na imani moja tu zaidi ya ile ya kanisa: "Kintu ikikatala kutembea, tia grisi." Milango yetu yote ilifunguka bila sauti, hata tukashindwa kujua nani ameingia. Alipaka baiskeli, alipaka kinu cha mama cha kusagia karanga, na siku goti lilipomuuma, alipaka goti. Mama alisema akifa kabla yake, hatakubali huyu mtu akaribie jeneza.

Basi, kambi yetu ilikuwa na fanfari. Nyinyi wa sasa mnasema bendi, lakini ile haikuwa bendi ya kuchezea pombe. Ilikuwa ngoma mbili kubwa, tarumbeta, trombone, na klarineti nne, vyote mali ya kampuni, vyote na namba. Wapigaji walivaa shati jeupe na suruali ya bluu yenye mstari. Aliyeiongoza ni Mwalimu Pungwe, mwanamume mwembamba aliyefundisha darasa la nne, na ambaye muziki aliujifunzia misheni kule Kapolowe. Kila Jumamosi mchana walifanya mazoezi kwenye ukumbi wa kambi, na kila Jumamosi mchana mimi nilikuwa dirishani, na mdogo wangu Kyembe mgongoni, nikipiga mluzi kile wanachopiga wao.

Siku moja Mwalimu akasimamisha kila mtu.

"Nani anapiga mluzi pale inje?"

Nikakimbia. Lakini kukimbia na mtoto mgongoni siyo kukimbia, ni kutembea kwa aibu. Akanishika kwenye kona.

"Weye ni mutoto ya Tata Grisi?"

"Ndiyo, Mwalimu."

"Ile noti ya mwisho, Kasongo anaikosaka tangu mwezi mbili. Weye umeipata na mutoto mu mugongo. Kuya ndani."

Ilitokea kwamba klarineti ya nne haikuwa na mwenyewe, kwa sababu Kalenga aliyeipiga alihamia Kakanda na wazazi wake. Mwalimu akaniwekea mikononi. Mimi ambaye kalamu ilinishinda, ile kitu ikanisikiliza tangu siku ya kwanza. Sisemi nilipiga vizuri. Nilipiga vibaya sana. Lakini nilipofanya hivi, yenyewe ilifanya vile, na hiyo ni zaidi ya nilichopata kwa masela miaka saba.

Sasa mkubwa wa kambi, Shefu Kazadi, alikuwa mtu wa tumbo mbele na mikono nyuma. Aliposikia kuna msichana kwenye fanfari, alikuja mwenyewe ukumbini.

"Mwalimu Pungwe, mwanamuke anapulizaka nini? Mwanamuke anapulizaka moto."

"Ni mapafu ile ile, Shefu."

"Na suruali?"

"Atavaa sketi ya bluu, Shefu. Mama yake iko nashona."

Shefu akanitazama kama mtu anayetazama kuku aliyeingia kanisani. Wasichana wote wa rika langu walikuwa kwenye animasiyo. Ninyi wa umri wangu mnakumbuka animasiyo: kupanga mistari juani, kutikisa kiuno, kumwimbia Mkubwa wa nchi kwamba tunampenda, na kurudia mpaka wageni washibe. Wenzangu waliifanya vizuri. Mimi kiuno changu ni cha mbao. Walipogeuka kushoto nilikuwa bado nafikiria kulia ni wapi. Mama Odia aliyewafundisha alishaniweka mstari wa nyuma, kisha nyuma ya mstari wa nyuma.

Mwalimu hakutaka kunipoteza. Alikuwa ametunga machi yake mwenyewe, muziki wa gwaride, kwa ajili ya feti, sikukuu ya wafanyakazi, na mwanzoni mwa machi alitaka kitu alichokisikia redioni: klarineti inayoanza chini na kupanda juu bila ngazi, kama maji yanayomwagwa kurudi kwenye ndoo. Si do, re, mi. Ni mteremko, ila wa kupanda. Vijana watatu wa klarineti, Mwepu, Kasongo na Ngandu, walijaribu wiki moja wakasema klarineti haikuumbwa kwa hiyo, apewe Numbi wa trombone, maana trombone inateleza yenyewe. Mwalimu alikataa. Akamwambia Shefu kwamba huyu msichana ataweza.

Shefu akakata neno mbele ya wote. "Muzuri. Akipiga ile kintu ya kupanda siku ya feti, abakie. Akishindwa, arudishe klarineti na aende mu animasiyo na wenzake. Na weye Mwalimu, hutaniletea tena mwanamuke hapa."

Tukitoka, Mwalimu aliniambia maneno machache tu: "Kabedi, miye nimeweka shingo yangu pale. Usiikalie."

Nilikuwa na wiki tano.

Mwalimu alinifundisha hivi, na hata leo ukiniamsha usingizini nitakuambia. Kwanza, upepo usipungue. Ukiogopa, upepo unapungua, na klarineti inajua. Pili, kinywa. Klarineti ina kaulimi ka mwanzi kanakokaa juu ya mdomo wa chini, na mtu wa kawaida anakabana kama anayeogopa kuibiwa. Mwalimu alisema legeza mdomo, shusha taya, fungua koo kama umetia kiazi kitamu cha moto na huwezi kukitema kwa sababu mgeni anakutazama. Halafu kadiri unavyopanda, unafunga kidogo kidogo, kiazi kinapoa. (Leo meno yamekwenda zake na taya limeshuka bila kuambiwa na mtu. Ningekuwa fundi mkubwa.) Tatu, vidole. Hapo ndipo kazi. Vidole vimefunika matundu. Ukiinua kimoja kwa ghafla, noti inaruka. Hutakiwi kuinua. Unatakiwa kukitelezesha pembeni, kianze kuacha tundu wazi kama mwezi mwembamba, kisha nusu, kisha lote, na kabla hakijamaliza, cha juu yake kimeshaanza. Kutoka mkono wa kulia wa chini kupanda mpaka wa kushoto, mpaka linabaki dole gumba peke yake nyuma, linashikilia nyumba nzima.

Kusema ni rahisi. Mimi niliyesikia yote hayo, neno lililobaki kichwani ni moja: vidole viteleze.

Nilifanyia mazoezi nyuma ya jiko. Kila nilipojaribu ilitoka ngazi, kisha kelele, kisha ngazi. Jirani yetu Mama Ngoie, aliyeuza vitumbula asubuhi na lutuku, pombe kali ya kienyeji, jioni, aliegemea ua.

"Mama Mwadi, mbuzi yenu inazaa?"

"Hatuna mbuzi," mama akajibu. "Ni Kabedi."

"Basi umusaidie. Inateseka."

Mama mwenyewe hakuwa upande wangu. Alitazama midomo yangu ilivyovimba. "Huyu mutoto ataolewa na nani, na hii mudomo sawa ya samaki ya Kapolowe?" Tata alikuwa anakula, akasema samaki wa Kapolowe wanapata wanunuzi kila siku. Mama hakucheka.

Wiki ya tatu ikapita. Vidole vyangu vilikuwa vinakwama kwenye yale matundu, jasho na vumbi, kama mguu kwenye matope. Na mimi ni binti wa nani? Kitu kikikataa kutembea, unafanya nini? Leo nikisimulia, watu wanafikiri nilitaniwa. Hakuna aliyenitania. Nilifikiri mwenyewe, kwa kichwa changu kizuri kisicho na mlango. Jumamosi ile nilipotoka mazoezini, tata akiwa amelala kidogo, nilichukua kopo lake la kazi, nikachovya vidole kumi, nikapaka klarineti juu mpaka chini, kila tundu, kila kifuniko. Na kwa kuwa mimi ni mtu wa kumaliza kazi, nikatia na ndani.

Iling'aa. Sitasema uongo, haikuwahi kupendeza vile. Nikaiweka mdomoni, nikapuliza, vidole vikateleza kweli. Viliteleza vyote kwa pamoja, kwenda pande zote, na klarineti ikanitoka mikononi kama samaki, ikaangukia kwenye beseni la sombe, majani ya muhogo ambayo mama alikuwa hajayatwanga. Nilipoiokota na kupuliza tena, haikutoa sauti. Ilitoa pumzi tu. Vifuniko vyake, vile vidogo vya ngozi, vilikuwa vimekunywa grisi na kushikana.

Hapo ndipo nilipojua maana ya kitu chenye namba. Kitu cha kampuni kikiharibika nyumbani kwako, jina la tata linaitwa ofisini, siyo lako. Na shingo ya Mwalimu, na klarineti, na mimi kwenye mstari wa nyuma ya mstari wa nyuma. Nikaifunga kwenye kitenge, nikaitia chini ya kitanda, nikaomba rozari nzima bila kujua naomba nini.

Tata alipoamka, aliijua kabla hajavaa viatu. Mtu aliyenusa grisi miaka kumi na tano hawezi kudanganywa na kitenge.

"Kabedi, grisi yangu iko nafanya nini chini ya kitanda?"

Nikaitoa. Nikangoja mkanda. Alikaa, akaishika ile kitu kwenye mapaja, akaigeuza, akaigeuza tena. Nikaona mabega yake yanatikisika, nikafikiri analia. Alikuwa anacheka mpaka machozi, bila sauti, kama milango yake.

"Ulitia na mu ndani?"

"Ndiyo, tata."

"Muzuri. Kama ni kazi, ni kazi."

Kesho yake Jumapili, baada ya misa, hakwenda kukaa na wenzake. Alitandaza kitenge cha mama mezani, akaifungua klarineti kipande kwa kipande na kupanga kila skrubu mahali pake. Akanituma kwa Mama Ngoie chupa ndogo ya lutuku, ile kali ya kwanza. Mama Ngoie akauliza nani anakunywa siku ya Bwana. Nikasema ni klarineti. Akanipa, lakini alinifuata mpaka mlangoni kuona.

Tata aliisafisha kwa lutuku na unyoya wa kuku, tundu moja moja. Vifuniko viwili ngozi yake ilikuwa imekufa kabisa. Akachukua glavu yake ya kazi, ya mkono wa kushoto, akakata kwenye kiganja pale ngozi ilipolainika kwa miaka, akatengeneza viraka viwili vya duara, vidogo kuliko kifungo cha shati. Miezi yote iliyofuata alifanya kazi na glavu yenye madirisha mawili.

Akiwa anafanya hivyo alisema, bila kunitazama: "Sikia. Grisi haiko ya kutelezesha. Watu banafikirisha vile. Grisi ni ya kukataza bintu mbili zisikulane. Kidole yako na hii tundu, zinakulana?"

"Hapana, tata."

"Basi grisi ya nini?"

Akabandika kiraka cha kwanza.

"Kyembe akilala mu mugongo yako, unamuwekaka kwa kitanda. Mukono yako inabakia chini ya kichwa yake. Unaitoaka namna gani? Kwa nguvu?"

"Hapana. Pole pole, asiamuke."

"Wapi kwanza?"

Nikafikiri. Sikuwahi kujiuliza. "Kwanza vidole. Kisha kiganja. Natoa kidogo, nangoja, natoa tena. Na mukono ingine inamushika ili asisikie ya kwanza imetoka."

"Njo vile. Toa kidole sawa unatoa kwa mutoto mulalaji. Noti isiamuke."

Tata yangu hakujua muziki. Kanisani alinyamazishwa na mwongoza kwaya mara mbili. Lakini Mwalimu Pungwe alinieleza wiki tatu nisielewe, na Tata Grisi alinieleza mara moja, kwa sababu hicho ndicho nilichokijua tangu nina miaka saba: kuweka mtoto chini asiamke.

Sikuipata siku hiyo. Sikuipata Jumatatu wala Jumanne. Jumatano ya wiki ya mwisho, nyuma ya jiko, nilishusha taya, nikaweka upepo, nikaanza kutoa mkono chini ya kichwa cha mtoto. Na noti ikapanda. Ilipita pale ilipokuwa inavunjika kila mara, ikatetemeka kidogo, ikaendelea, ikafika juu, na dole gumba likabaki peke yake likishikilia nyumba. Mama alisimamisha mchi hewani. Upande wa pili wa ua, Mama Ngoie akasema kwa sauti ya chini: "Leo imezaa."

Nilirudia mara mia. Nilipolala vidole viliendelea kwenye blanketi. Mkosi wangu ulikuwa hapo, ila sikuuona.

Siku ya feti uwanja ulijaa. Animasiyo walikuwa mbele na vitenge vyenye picha ya Mkubwa, wakuu wa kambi kwenye viti, na katikati yao mjumbe wa chama aliyetoka mjini, koti la abakosi la kijivu lisilovaliwa tai, miwani myeusi, fimbo mkononi. Mpangilio ulikuwa hivi: kwanza wimbo wa chama, watu wote wamesimama. Halafu hotuba. Halafu machi ya Mwalimu, na mwanzo wake mimi peke yangu, ule mpando. Mwalimu alipopita kunikagua alinusa.

"Kabedi, umekunywa?"

"Hapana, Mwalimu. Ni klarineti njo imekunywa."

Hakuwa na muda wa kuelewa. Akapanda kwenye sanduku lake, akainua mikono. Ngoma zikanguruma. Wimbo wa chama ulianza na noti ya chini, kisha ya juu, kuruka moja kwa moja, kila mtoto aliujua. Mwalimu akashusha mkono, upepo wangu ukatoka, na vidole vyangu, ambavyo kwa wiki tano havikujua njia nyingine ya kutoka chini kwenda juu, vikafanya vilichozoea. Vikateleza.

Na ilikuwa safi. Hilo ndilo linaloniuma hadi leo. Katika maisha yangu yote sijatelezesha vizuri vile. Fanfari nzima iliruka kama ilivyotakiwa, na mimi nikabaki nyuma nikipanda peke yangu polepole mbele ya uwanja mzima, kama mlevi anayepanda ngazi za kanisa wakati wa misa.

Wale wa enzi zetu hawahitaji kuelezwa. Wimbo ule haukuchezewa. Tata Mutombo wa mtaa wetu alijikuna mgongo wakati bendera inapanda, akajibu maswali mchana kutwa. Wapigaji wakasimama mmoja mmoja, kama gari linaloishiwa mafuta. Shefu Kazadi alikuwa amegeuka rangi ya unga wa posho. Mjumbe wa chama aligeuza miwani yake polepole kuelekea kwetu. Nilimtafuta tata kwenye watu, nikamwona amevua kofia, sijui kwa nini, kama mtu anayepitiwa na maziko. Nami, kwa kuwa sikujua kingine cha kufanya, bado nilikuwa na klarineti mdomoni.

Mwalimu Pungwe hakunitazama. Alisimama juu ya sanduku lake, mgongo kwa wakubwa, uso kwetu, na uso ule ulikuwa unatoka jasho kama mtungi. Akainua kidole kimoja, akachora mstari hewani, kutoka chini kwenda juu. Akatuangalia wote. Akachora tena. Numbi wa trombone ndiye aliyeelewa wa kwanza. Ngoma zikanguruma upya, Mwalimu akashusha mkono, na Numbi akateleza, nami nikateleza, na Mwepu na Kasongo na Ngandu wakateleza walivyoweza, yaani walipiga kelele kuelekea juu, tarumbeta zikafanya sijui nini, na wimbo wa chama ukapanda wote kama maziwa yanayochemka. Kila ulipoanza ubeti, tukapanda. Tulipomaliza, hakuna aliyepumua.

Mjumbe akamwita Mwalimu kwa fimbo. Enzi hizo hatukuitana bwana, tuliitana sitwayeni, yaani raia.

"Sitwayeni mwalimu. Ile ya kupanda vile ni nini?"

Mimi nilikuwa hatua sita. Nilisikia kila neno.

"Sitwayeni mujumbe, ile ni inchi yetu. Inatoka chini, inapanda."

Mjumbe akafikiri. Nina watoto wanane niliowazaa bila dawa, na hakuna uchungu uliokuwa mrefu kama kufikiri kwa yule mtu. Kisha akapiga kofi moja. Shefu Kazadi akapiga, viti vyote vikapiga, uwanja ukapiga, na enzi hizo hakuna aliyeacha kupiga kabla ya mkubwa, kwa hiyo tulipiga mpaka mikono ikawaka.

"Ikuwe vile kila mara," mjumbe akasema. "Nani anafundishaka batoto ile?"

Mwalimu akanyoosha mkono kwangu. Shefu Kazadi, ambaye dakika tano nyuma angeniuza na klarineti yangu juu, akasema mbele ya wote kwamba huyu ni binti wa kambi, na kwamba yeye mwenyewe alisema tangu mwanzo wanawake wapulize.

Hotuba ilikuwa ndefu, chakula cha wageni kikaiva, na mjumbe alikuwa na safari. Machi ya Mwalimu haikufikiwa. Sketi ilishonwa, glavu ikakatwa, lutuku ikanunuliwa, na ule mpando nilioufanyia kazi wiki tano, mahali pake penyewe, hakuna mtu duniani aliyeniomba niupige.

Mwalimu alitembea nami mpaka mlangoni kwetu.

"Kabedi, leo nimezeeka."

"Unisamehe, Mwalimu."

Tukaenda hatua kadhaa. "Ilikuwa safi," akasema. "Ila haikuwa mahali yake."

Nilibaki kwenye fanfari miaka sita. Baada yangu waliingia Mujinga, Feza na dada wa Numbi wa trombone, wote sketi za bluu, na niliwafundisha kwa mtoto mlalaji kama nilivyofundishwa. Kila sikukuu, kila bendera, tuliupiga wimbo wa chama kimakosa, kwa amri. Wageni wa miji mingine walishangaa, wakaambiwa ndivyo unavyopigwa Likasi. Numbi alinioa, kwa hiyo mama alipata jibu lake, na aliongezewa na trombone ndani ya nyumba. Halafu ukaja wakati posho ikapungua, wapigaji wakaenda kutafuta maisha, vyombo vikarudishwa stoo na mwenye ufunguo akahama. Mwalimu Pungwe alizikwa bila fanfari, kwa sababu fanfari ilikuwa yeye. Tata naye ameondoka. Mama ndiye aliyetangulia, na alishika neno lake: jeneza lilifungwa na seremala, siyo na Tata Grisi.

Mjukuu wangu, naye ni Rozali, maana majina yamerudi, anapiga kinanda cha umeme kanisani. Ni mtoto mzuri, ila ana haraka kama wote wa sasa. Anakula bukari huku anaandika kwenye simu, na vidole vyake havijui kipi ni kipi. Juzi alinionyesha kwamba kinanda hicho kina sauti ya klarineti. Nikasema niisikie. Pembeni pana kagurudumu kadogo. Akashika noti moja kwa dole gumba, akasukuma kagurudumu kwa kidole kingine cha mkono uleule, na noti ikapanda kutoka chini mpaka juu, laini, bila kukwama popote. Kwa mkono mwingine alikuwa ameshika kitumbula.

Nikamwomba arudie. Nilitega sikio nisikie mahali inapotaka kuvunjika, pale katikati, ambapo ilikuwa lazima uamue kama unaogopa au huogopi. Hapakuwepo.

"Ni muzuri," nikamwambia, na nilidanganya kidogo tu.

"Nkambo, na ile klarineti yenu ya zamani ilikuwa inafanyaka vile?"

"Ilikuwa inafanyaka," nikasema. "Ila ilikuwa inakawia kufika."